Kinyozi, Kiti na Bahasha ya Bwana

Sehemu ya tisa: Kapu halitoki

Tuliachana pabaya. Kinyozi wetu alikuwa amelikamata kapu la sadaka kwa mikono miwili, katikati ya ibada, na Shemasi Tofali amelikamata upande wa pili, kila mmoja anavutia kwake.

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikwenda kufungia sabuni kabla hujalisoma, nitakufupishia haraka. Kinyozi huyu amedunduliza fedha miezi minane ili anunue kiti cha kunyolea, kile chekundu cha kuzunguka, chenye pedeli ya kupandisha na kushusha. Amedunduliza kwa siri, kwa sababu baada ya semina ya uwakili wa fedha yeye na mkewe waliahidi mbele ya kanisa zima kwamba hakuna atakayetumia zaidi ya elfu kumi bila mwenzake kukubali. Mkewe, mshonaji wa sare za shule, akabandika bahasha saba ukutani kwa pini zake: chakula, kodi, ada, dawa, zaka, akiba, dharura.

Kinyozi akaongeza ya nane. Akaiandika kwa kalamu nyekundu: SHUKRANI KWA BWANA, ISIGUSWE. Humo ndimo alimoficha fedha za kiti. Alijua mkewe anaweza kupekua godoro, mfuko wa suruali, hata kiatu, lakini bahasha ya Bwana hataisogelea.

Asubuhi hii mkewe ameisogelea. Ameibandua ukutani, ameileta kanisani, ameitumbukiza kapuni mbele ya macho ya mumewe. Na salio la kiti linatakiwa leo kabla ya saa sita mchana. Saa hiyo ikipita, kiti kinakwenda kwa Kipara, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, mtu asiye na unywele hata mmoja lakini ana wateja tele.

Haya, turudi kwenye kapu.

"Achia," Shemasi Tofali alinong'ona kwa meno yaliyobana. Huyu ni mwashi. Mikono yake imezoea mizigo.

"Achia wewe."

"Mimi ni shemasi!"

"Na mimi ni mshirika!"

Kapu likalia kwacha. Sarafu moja ikadondoka, ikabingirika njia nzima ya katikati, na kanisa zima likaisindikiza kwa macho mpaka ilipoingia chini ya benchi la kwaya. Kwaya ikanyamaza sauti baada ya sauti. Mpiga kinanda ndiye pekee aliyeendelea, maana alikuwa amefumba macho.

Mchungaji akashuka madhabahuni. "Ndugu yangu kinyozi, una shida gani na kapu la Bwana?"

Kinyozi akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Kushoto kulikuwa na mkewe, ametulia tuli, mkoba uko magotini. Kulia kulikuwa na mama mkwe wake, ambaye ndiye mhazini wa kanisa, na ambaye kwa miaka tisa hajawahi kumwita kwa jina lolote isipokuwa "yule bwana".

"Nataka..." Jasho lilimtoka. "Nataka kuongeza!"

Kanisa likalipuka vigelegele.

Sasa ilibidi aongeze. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa elfu mbili aliyoiweka kwa ajili ya mkokoteni wa kubebea kiti. Ikaingia kapuni.

"Ongeza tena!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. Watu wa nyuma ndivyo walivyo, hawana huruma na mfuko wa mtu wa mbele.

Akaongeza mia tano. Akaongeza sarafu mbili. Mfuko ulipokwisha na watu bado wanapiga makofi, akatoa kitana chake cha kazini, nacho kikaingia.

"Ndugu zangu," mchungaji alisema, machozi yakimlengalenga, "mnamwona mtu anavyotoa? Hebu njoo hapa mbele utushuhudie. Hii bahasha nene namna hii, uliijaza vipi?"

Kinyozi akapanda mbele.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Mimi... kila Ijumaa nikifunga duka, nilikuwa naweka kidogo."

"Amina!"

"Siku nyingine sikula mchana, ili niweke."

"Amina!"

"Nikifumba macho nilikuwa naona... naona utukufu."

Hapakuwa na neno la uongo, na hapo ndipo palipomuuma. Ila utukufu aliouona ulikuwa wa ngozi nyekundu, na ulikuwa na pedeli.

Mama mkwe akasimama kwenye benchi la mbele. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena ili amwone mkwewe vizuri.

"Mwanangu," alisema, "miaka tisa nimekukosea. Nilimwambia binti yangu ameolewa na mkasi. Nisamehe."

Neno hilo la "mwanangu" alilitamani tangu siku ya mahari, na sasa limekuja siku ambayo hastahili hata kuitwa jirani. Aliona raha na aibu kwa pamoja, na aibu ndiyo ilikuwa nzito zaidi.

"Basi," mchungaji akatangaza, "kwa utaratibu wetu, bahasha kubwa hufunguliwa na mhazini mbele ya mtoaji mwenyewe, naye hutia saini. Baada ya ibada, ofisini."

Hapo kinyozi akakumbuka jambo lililomfanya ashike ukingo wa madhabahu. Ndani ya ile bahasha, pamoja na fedha, kulikuwa na risiti ya malipo ya awali. Imeandikwa: kiti kimoja cha kinyozi, chekundu. Na chini yake, saini yake mwenyewe.

Ofisi ya kanisa ni chumba kidogo nyuma ya madhabahu. Mna meza ya mbao laini, majoho ya kwaya kwenye misumari, kinanda kibovu kilichosimamishwa kona, na sanduku la chuma lenye kufuli mbili. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika ishirini.

Mama mkwe aliketi nyuma ya meza. Mchungaji aliketi kando yake. Mshonaji aliketi karibu na dirisha, mkoba mikononi. Shemasi Tofali alisimama karibu na mlango, anajinyoosha vidole.

"Mama," kinyozi alianza, "mnaonaje tusiifungue? Sadaka ya siri ibaki siri."

"Jamani! Na unyenyekevu pia anao!" Mama mkwe akatokwa na machozi upya.

"Siyo hivyo, mama. Hii bahasha imekaa ukutani muda mrefu. Ina kunguni."

"Kama ni kunguni wa fedha, tutawahesabu hao hao."

"Basi nipeni niishike kidogo niiombee."

"Umeiombea miezi minane, mwanangu, inatosha." Akachukua kisu kidogo cha barua.

Kinyozi akafumba macho. Alisikia karatasi ikichanika. Alisikia bahasha ikigeuzwa juu chini. Alisikia vitu vikimwagika mezani.

Akafumbua jicho moja.

Mezani hapakuwa na fedha. Palikuwa na vipande vya karatasi ya kaki, ile wanayokatia vipimo vya nguo, vimekatwa kwa ukubwa wa noti, vimenyooka kila upande. Kimoja kilikuwa na maandishi ya penseli: mkono wa kulia, saizi kumi na mbili.

Nitakuwa mkweli kwako, msomaji. Jambo la kwanza lililomjia kinyozi ni furaha. Fedha hazimo! Hazijaingia kapuni! Alikaribia kucheka kwa sauti.

Kisha akamwona mama mkwe.

"Miezi minane," mama mkwe alisema polepole, "umemdundulizia Mungu makaratasi?"

"Mama..."

"Ukasimama pale mbele ukasema hukula mchana!"

"Sikula, kweli..."

"Yule bwana amerudi," mama mkwe akamwambia mchungaji. "Nilijua. Yule bwana hakuwa amekwenda mbali."

Mchungaji akasogeza kiti chake mbali kidogo na kinyozi, kwa tahadhari. "Katika siku za mitume," alisema, "kulikuwa na mtu aliyeficha bei ya shamba lake. Alitolewa nje amebebwa."

"Nikatafute shuka?" Shemasi Tofali aliuliza.

"Ngoja kwanza."

Kinyozi akageuka kumtazama mkewe. Mkewe alikuwa akimtazama tangu zamani. Hapo ndipo kinyozi alipoiangalia tena ile karatasi ya kaki, na kuona jinsi mkasi ulivyopita bila kuyumba. Katika mtaa wao mzima, mikono inayokata karatasi namna ile ni miwili tu, na yote ilikuwa imeshika mkoba karibu na dirisha.

Ilikuwa rahisi. Angesema tu, "Muulizeni mke wangu," mzigo ungehama kichwa. Akafungua mdomo.

"Kuna moja hapa ina maneno ya kalamu," mama mkwe akasema. Akaisogeza karibu na miwani, akasoma kwa sauti ya mhazini anayesoma taarifa ya mwezi:

"Bwana, mume wangu ana neno la kukuambia. Mimi ameshindwa kuniambia. Mpe nafasi."

Mdomo wa kinyozi ukabaki wazi, lakini lile neno la kwanza halikutoka tena.

"Neno gani?" mchungaji aliuliza.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika thelathini na tano. Kinyozi akakaa chini kwenye boksi la vitabu vya nyimbo.

"Hazikuwa za Bwana," alisema. "Zilikuwa za kiti."

"Kiti gani?"

"Cha kunyolea. Cha kuzunguka."

"Umemwandikia Bwana bahasha, ukamwekea kiti?" mama mkwe alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na kwa nini hukumwambia mkeo?"

"Niliogopa atakataa. Na angekuwa na haki. Mimi si ndiye niliyenunua ile mashine ya kukanda vichwa?"

Mchungaji akatikisa kichwa kwa huruma. Ile mashine ilikumbwa na wazimu siku ya uzinduzi, ikampa mteja wa kwanza kwikwi za siku tatu.

"Kipara amenichukulia wateja kumi na wanne tangu mwaka uanze," kinyozi akaendelea. "Watu wanasema kwangu kigoda kinaumiza. Hata shemasi huyu ananyolewa kwa Kipara."

Shemasi Tofali akaweka mkono juu ya kichwa chake, akachelewa.

"Sina kazi nyingine ninayoijua. Nikaona, nikimwomba mke wangu atanikatalia, nikimwomba Mungu atachelewa. Basi nikawadanganya wote wawili." Sauti ikamkatika. "Nisameheni. Ila makaratasi hayo si yangu, mama. Hilo tu nalikataa."

"Ni yangu," mkewe alisema.

Mama mkwe akageuka kwa kasi, miwani ikabaki inatazama kwingine. "Wewe?"

"Mimi, mama. Nilijua tangu wiki ya tatu." Akamtazama mumewe. "Zaka yako ilikuwa inapungua na shukrani zako zinaongezeka. Mimi kazi yangu ni kupima watu, baba watoto. Mtu hanenepi upande mmoja. Nikaifungua, nikaona risiti."

"Ulifungua bahasha ya Bwana?" mama mkwe akauliza kwa hofu.

"Nilimwomba radhi kwanza."

"Lakini binti yangu," mchungaji akasema, "kuleta makaratasi kapuni..."

"Mchungaji, zaka yangu nimetoa kwenye bahasha yangu, na mhazini atakuonyesha. Hii nyingine ameiandikia Bwana yeye mwenyewe. Mimi nimeifikisha tu ilikoandikiwa."

Mchungaji alifikiri. Huyu mchungaji amesoma miaka minne chuoni, na hilo hawakumfundisha.

"Kwa nini hukuniambia kwamba unajua?" kinyozi aliuliza, sauti ndogo.

"Nilikuwa nakungoja uniambie. Kila Ijumaa usiku nimekuuliza, 'Una neno, baba watoto?' Unanijibu, 'Nina usingizi.' Miezi saba una usingizi." Hapo sauti yake nayo ikayumba kidogo. "Ungeniuliza siku ya kwanza, ningekubali siku ya kwanza. Unafikiri mimi sioni wateja wanavyokatiza barabara? Dirisha la cherehani yangu linaelekea hapo hapo."

Kinyozi akainamisha kichwa. Kilichomuuma si kuaibika mbele ya shemasi wala mama mkwe. Kilichomuuma ni zile Ijumaa zote, mkewe anauliza, na yeye anageukia ukutani.

Mama mkwe, ambaye machozi yalikuwa yamekwisha, alikuwa wa kwanza kurudi kwenye mambo ya msingi. "Na hela ziko wapi?"

"Ndiyo," akasema mchungaji.

"Ndiyo," akasema Shemasi Tofali, ambaye hakuulizwa.

"Nilikwenda kwa muuzaji jana," mshonaji alijibu. "Salio la kiti ni laki nne. Bahasha ilikuwa na laki tatu. Hiyo moja ungeitoa wapi, baba watoto?"

"Nilikuwa naiomba."

"Kwa nani?"

"Kwa Mungu."

"Unamwomba Mungu akuongezee fedha ulizompunja?"

Kinyozi akakuna kisogo. Na wewe ungekikuna chako.

"Basi nikatafuta mbia. Laki mbili sisi, laki mbili yeye. Laki yetu moja imebaki." Akafungua mkoba, akaiweka mezani.

Kinyozi akaruka kutoka kwenye boksi, akamkumbatia Shemasi Tofali kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. "Tumepata kiti! Mama, toa hapo zaka yote niliyoipunja, hata usiniulize! Mke wangu, mbia wenyewe ni nani?"

Nje kukasikika magurudumu yakilia, na watu waliokuwa bado wanasalimiana uwanjani wakaanza kupiga kelele. Shemasi Tofali akafungua mlango.

Mkokoteni ulikuwa umesimama mbele ya ngazi, na aliyeusukuma ni muuzaji mwenyewe, jasho linamtoka. Juu yake kilisimama kiti chekundu, bado kimefunikwa nailoni. Na juu ya kiti, amekunja nne, ameketi Kipara. Jua lilipiga kichwani pake, watu wa karibu wakakinga macho.

"Bwana asifiwe, mbia," Kipara alisema, akajizungusha duara zima ili awasalimie wote.

Kinyozi akashika mwimo wa mlango. "Huyu?"

"Huyu," mkewe alisema. "Naye alikuwa hana laki nne. Kiti kimoja, ninyi wawili, wiki kwako na wiki kwake. Na kila kichwa cha kumi ni cha Bwana, tumeandika." Akatoa mkataba. Ulikuwa kwenye karatasi ya kaki.

Aibu iligeuka hasira haraka, kwa sababu hasira ni nyepesi kubeba. "Hebu ngoja! Tuliahidi elfu kumi! Wewe umetumia laki mbili bila kuniuliza! Mchungaji, umesikia? Mama, umesikia?"

Wote wakageuka kumtazama mshonaji. Hata Kipara alijizungusha kidogo ili aone.

Mshonaji hakupandisha sauti. "Sijazitumia. Muuzaji amenishikia tu. Ukikubali, unatia saini hapa, kiti ni chetu. Ukikataa, ananirudishia zote sasa hivi, na Kipara anatafuta mbia mwingine. Ninakuuliza, baba watoto. Hivi ndivyo watu wanavyofanya, wanaulizana."

Muuzaji akatazama saa yake. "Saa sita kasoro dakika nne," alisema. "Mimi nina njaa."

Kinyozi akakitazama kiti. Akamtazama Kipara, ambaye alimkonyeza. Akafikiria wiki nzima akinyoa na wiki nzima akimtazama Kipara ananyoa. Kisha akamtazama mkewe, ambaye alikuwa amemnyooshea kalamu, na mkono wenyewe ulikuwa unatetemeka. Mkewe, mwanamke ambaye mkasi wake hauyumbi, alikuwa anaogopa jibu.

"Una neno, baba watoto?"

"Ninalo," kinyozi alisema. "Nakubali. Na nisamehe."

Akatia saini. Mama mkwe akapiga kigelegele kimoja kifupi, kisha akajizuia, akasema angefikiria tena suala la "mwanangu" baada ya miezi sita. Halafu akawakumbusha kwamba kitana hakirudishwi, kimeshaandikwa.

Kinyozi akashuka ngazi, akaupeleka mkataba kwa mbia wake. Kipara akanyoosha mkono aichukue kalamu, anatabasamu, kiti kinazunguka taratibu chini yake. Na hapo kinyozi, ambaye kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa na hekima ya dakika tatu, akaishika kalamu asiiachie.

"Mbia, jambo moja," alisema. "Hizo laki mbili zako. Mkeo anajua?"

Kiti kikaacha kuzunguka. Kilisimama Kipara akiwa ameelekea lango, na langoni mke wa Kipara alikuwa anaingia kwa hatua ndefu, hana mkoba, hana hata viatu vya Jumapili. Mkononi alikuwa na bahasha tupu, na hata kutoka pale ngazini waliweza kuona kwamba imeandikwa kwa kalamu nyekundu.